Ngozi ya Kidoti

Tezo,
Jumapili, 5 Mei 2024

Mjomba Mangi,

Shikamoo. Najua unaisoma hii umekunja uso kwa sababu mwandiko wangu ni mdogo, basi leo nimejitahidi kuupanua mpaka karatasi mbili zimekwisha kwa salamu tu. Huku kwetu hatujambo. Simeon yuko kwenye mjengo Mtwapa, mume wangu siku hizi namwona Jumamosi na Jumapili kama mgeni. Pola amedondosha meno mawili ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Mvua imetupiga mpaka mihogo imeozea ardhini, na nasikia huko Magarini mto umepanda hadi mashambani. Je, nyumba yako imesimama? Na ng'ombe wako Kidoti, bado anakupa maziwa?

Sasa neno lenyewe. Kanisa letu linatimiza miaka hamsini tarehe 18 Agosti, na ngoma ya kwaya imepasuka. Tumeonyeshwa nyingine mjini Malindi, za kuwauzia watalii, ukiipiga inalia kama debe. Nikawaambia akina mama, mimi nina mjomba. Wakacheka: fundi wa ngoma kiziwi? Nikawaambia tulieni, yeye haisikilizi kwa masikio, huiweka kifuani.

Ningekupigia simu, lakini simu kwa mtu aliyefungwa masikio mwaka wa tisa huu ni mzigo mtupu, na ujumbe mfupi umekataa kata kata kujifunza. Barua atakuletea Mutuku, yule mfanyabiashara wa kuku na nafaka, kila akija gulioni kwenu. Naye nimemwambia asiondoke bila jibu.

Mpwa wako,
Nelly

*

Magarini,
28 Mei 2024

Mpwa wangu Nelly,

Marahaba. Nyumba imesimama, ila choo kimekwenda na maji. Mimi mzima. Mwambie Pola meno huota tena, ya kwangu ndiyo hayaoti.

Ngoma utapata. Gogo la mwembe ninalo tangu mwaka juzi, limekauka vizuri. Ngozi pia ninayo. Kidoti tumemchinja wiki iliyopita. Ilibidi. Jirani yangu mzee Jefwa amefariki, umri tu, na kwenye hanga lake watoto hawakuwa hata na kuku wa kuwapa waombolezaji. Miaka miwili ya ukame halafu mafuriko, watu hawana kitu. Nyama ililiwa, watu wakashiba, wakaja kunishika mkono mmoja mmoja. Iliyobaki walikwenda kuikausha, na Mutuku naye alichukua kidogo. Hayo yamepita.

Ngozi nimeiloweka siku mbili, nikaitia jivu na chumvi, nikaianika. Nimenyoa katikati kwa wembe, pembeni nimeacha manyoya yake, utaliona lile doa jeupe. Wiki ijayo nitaiwamba. Ngozi hii ni laini kupita zote nilizoshika.

Usiniulize tena habari za Kidoti.

Mjomba wako,
Mangi

*

Tezo,
Jumapili, 16 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo. Ngoma imefika salama ndani ya gunia. Mutuku kaishusha kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akakataa hata nauli.

Nikueleze au nisikueleze? Leo imelia ibadani kwa mara ya kwanza. Mjomba, mama mmoja wa ng'ambo ya barabara kuu alikuja mbio akidhani kuna msiba. Si sauti ya kelele, ni ya chini, unaisikia kwenye magoti kabla ya masikio. Kwaya nzima ilinyamaza kwanza, ndipo tukakumbuka kuimba.

Anayeipiga ni Moraa. Sijui kama nimewahi kukutajia Moraa. Ni Mkisii, alikuja huku kumfuata mume, mume akaondoka, yeye akabaki na cherehani yake. Tunashona sare za shule pamoja, meza moja, mkasi mmoja. Huibeba ngoma begani, shingo ameilaza juu ya ngozi kabisa, anafumba macho. Anasema ina joto. Pola naye kashikilia kwamba manyoya ya pembeni yameota tangu ilipofika. Nimemwambia ni ngozi inajivuta kwa jua, lakini nimepima kwa kidole na hata mimi sikupenda nilichokiona.

Umesema nisiulize habari za Kidoti, nami nitauliza nusu tu. Si wewe uliyesema ng'ombe huyu hachinjwi hata akija rais? Uliniandikia kwamba unamkanda miguu kwa mafuta. Haya, nimenyamaza.

Kula vizuri. Usilale kwenye sakafu yenye unyevu.

Nelly

*

Magarini,
2 Julai 2024

Nelly,

Marahaba. Nimefurahi ngoma imependwa. Ikilegea kwa unyevu usikaze vigingi kwa nguvu. Iote motoni, kisha uisugue kwa mafuta ya nazi kwa kiganja chako mwenyewe, taratibu, mpaka iwe na joto la mwili. Kiganja ndicho kinachojua.

Huku mahanga yamekuwa mengi. Kwa kina Jefwa wamefuatana wawili, mtoto wa kiume na mkewe, tumbo na homa, siku tatu tu. Kisha mke wa jirani Sanga. Watu hawalali. Mimi nakaa kwangu.

Nina haja moja. Ukimwona Mutuku mpe piko, ile nyeusi ya nywele, pakiti nne au tano. Dukani huku sitaki kununua.

Na jambo lingine, nalo usimweleze mtu. Jumapili iliyopita, saa nne hivi ya asubuhi, nilikuwa nachonga mwiko nje. Nikasikia ngoma. Sisemi nilihisi. Kuhisi nakujua, ardhi huniletea mambo miguuni. Nasema nilisikia, masikioni, kama zamani. Nikamtazama mtoto wa jirani aliyekuwa karibu, hakugeuka. Nikamwandikia mchangani: kuna ngoma wapi? Akatikisa kichwa, akakimbia.

Ninyi huipiga saa nne, sivyo?

Mangi

*

Tezo,
Jumapili, 7 Julai 2024

Mjomba wangu kijana,

Shikamoo, ingawa kwa habari ya piko nadhani sasa unastahili mambo tu! Pakiti tano! Nani huyo? Mjane wa wapi? Nimeziweka sita, moja ya akiba ya siku ya harusi. Nitavaa leso mpya, na Simeon nitamvalisha kanzu apende asipende. Pole kwa misiba. Naomba uniambie mapema kama kuna maradhi yanatembea, uje ukae kwetu mpaka yapite. Chumba cha Pola kina vitanda viwili.

Ndiyo, tunaipiga saa nne. Nimeisoma sehemu ile mara tatu, nikaikunja karatasi.

Moraa hajisikii vizuri. Alitokwa na kipele shingoni, upande anaolazia ngoma, tukadhani ameumwa na mdudu. Kikawa lengelenge, lengelenge likapasuka, na sasa katikati pamekuwa peusi ti, kama mtu amemzimia sigara. Kinachonitisha ni kwamba hakiumi. Nakibonyeza, ananiuliza, umeshabonyeza? Ila shingo yote imevimba na sauti imebadilika. Tulikwenda zahanati, akapewa dawa ya kupaka. Amekataa kulala kitandani, anashona amekaa, anasema akilala hewa haipiti.

Pia mbuzi wa pasta wanakuja kusimama mlango wa chumba tunachoweka ngoma, wanalamba mbao. Kama wanafuata chumvi uliyoitia sijui. Mmoja amekufa jana.

Mjomba, sasa nauliza nusu ya pili. Kidoti alikuwa mzima mlipomchinja? Nijibu kwa mkono wa Mutuku huyu huyu.

Nelly

*

Magarini,
30 Julai 2024

Nelly,

Wiki ya nne sijapata barua. Mutuku haonekani gulioni na hakuna ajuaye aliko. Hii nampa dereva wa lori la mananasi, sijui kama ni mtu wa kuaminika.

Umekasirika? Ni yale niliyoandika kuhusu kusikia? Basi yafute.

Piko sijaipata. Nimejaribu masizi ya sufuria na mafuta, yanatiririka nikitoka jasho. Jumamosi nilikwenda kisimani, wanawake wakainua ndoo zao kabla hazijajaa wakaondoka. Vijana watatu wamekaa mbele ya nyumba yangu tangu asubuhi, wananong'onezana wakinitazama. Nimewapelekea maji ya kunywa, hawakuyagusa.

Sasa naisikia hata siku za kazi. Saa sita mchana, jua likiwa kichwani. Pigo moja. Halafu kimya. Halafu pigo moja. Nani anaipiga mchana hivyo? Mwambie aache.

Mangi

*

Tezo,
Jumanne, 6 Agosti 2024, saa kumi na mbili asubuhi

Mjomba,

Shikamoo. Salamu leo zitakuwa fupi, unisamehe. Anayekupa barua hii ni Simeon. Amekuja kwa pikipiki na hataondoka kwako bila jibu. Ningeweza kumpigia simu Janet wa duka la hapo kwenu akuandikie swali langu, lakini neno hili halifai kupita dukani, utaona kwa nini.

Moraa tulimzika Kisii tarehe 16 Julai. Shingo ilimziba pumzi hospitalini kabla daktari hajamaliza kuuliza jina lake. Nilikuandikia kwamba anaumwa, nikakuuliza na jambo, nikampa Mutuku. Juzi mke wake Mutuku amenifuata kutoka Kisumu Ndogo, Malindi, akaniletea barua ile ile na piko zako. Zilikuwa kwenye mfuko wa koti la marehemu. Alitapika damu siku mbili, mjomba, amekufa mwezi mzima uliopita na sisi tunamlaumu kwa kuchelewa. Mkewe anasema chakula chake cha mwisho kilikuwa nyama kavu aliyotoka nayo huko kwenu.

Tangu Moraa afe hakuna aliyeigusa ngoma isipokuwa mimi. Imefungiwa chumbani na ufunguo ninao. Hakuna anayeipiga saa sita. Lakini ikifika saa sita, bati likipata moto, inajipiga yenyewe. Pigo moja. Nimekaa mlangoni nikaisikia kwa masikio yangu. Pasta anasema ngozi inakakamaa kwa joto, na huenda ni kweli, ila barua yako ya lori la mananasi imefika jana, nawe umetaja saa hiyo hiyo.

Mimi ndiye niliyeiotesha moto wiki jana. Niliisugua kwa mafuta ya nazi, kwa kiganja, kama ulivyonifundisha, ili iwe tayari kwa sikukuu. Nina kidonda kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Kina weusi katikati. Hakiumi. Mkono umevimba hadi kiwiko, na usiku wa kuamkia leo nimetetemeka kwa homa mpaka Pola akalia. Ndiyo maana mwandiko wangu ni mkubwa leo, naandika kwa kushoto.

Naenda hospitali Kilifi sasa hivi. Daktari aliyemwona Moraa aliniambia jambo moja siku ile: angejua tu Moraa alishika nini, angejua dawa. Nami nikamjibu hakushika kitu, alishona nguo.

Nimeelewa pia piko ni ya nini. Simeon ndiye aliyenieleza wazee wa huko wanavyoitwa wachawi na kuuawa, mvi zikionekana na watu wakifa. Nilikutania kama mjinga. Najua ukijibu swali langu, na jibu likisikika kijijini, watasema ni wewe uliyewaua. Najua ninachokuomba. Ninakuomba hata hivyo, kwa sababu nina mtoto wa miaka saba na nataka kumlea.

Kidoti alikufaje?

Nelly

*

Magarini,
siku hiyo hiyo, saa nne

Nelly mwanangu,

Kidoti hakuchinjwa. Asubuhi ya Jumanne nilimkuta ameanguka karibu na mtaro, tumbo limejaa, damu inatoka puani na nyuma. Jioni yake alikuwa mzima anakula. Nilimpitishia kisu shingoni akiwa amekwisha kufa, ionekane amechinjwa. Damu ilikuwa nyeusi na haikuganda hata jua lilipopanda. Bandama lilikuwa limevimba na laini, likavunjika mkononi. Ngozi nilidhani jivu, chumvi na jua vimeimaliza. Niliishika mimi siku nyingi na sikuota hata upele, nikaona ni safi.

Mpe daktari karatasi hii yote. Usikate mahali, na jina langu acha lisomeke.

Mangi wa Magarini, fundi ngoma

*

Kilifi, wodini,
Jumatano, 14 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa mkono wa kulia, tazama. Unauma sasa, na daktari anasema kuuma ni habari njema. Pola aliletwa jana akacheka kwa mdomo wazi, kasahau pengo lake.

Simeon alifika na karatasi yako saa nane mchana, nguo zote vumbi, akamwekea daktari mkononi bila hata salamu. Daktari akaisoma amesimama. Alipofika penye damu haikuganda akaita muuguzi kwa sauti nikadhani nimekufa. Kimeta, akasema. Akanichoma sindano hapo hapo. Ni dawa ya kawaida, mjomba, iko kwenye kabati, iko kwenye kila hospitali. Hiyo ndiyo inayoniliza kila nikikumbuka shingo ya Moraa. Ilikuwa kabatini wakati ule pia.

Amenifafanulia kwamba ugonjwa huu hukaa ardhini miaka mingi sana, hata umri wa mtu, ukisubiri. Mvua ikichimba udongo, ng'ombe akilisha pale, unaamka. Haujali jua wala jivu. Kwenye ngozi unakaa, kwenye nyama kavu unakaa. Watu wa mifugo walikuja kanisani na glavu na barakoa, wakaichukua ngoma wakaichoma shimoni, pamoja na gunia na ule mlango waliolamba mbuzi. Akina mama walisimama mbali wakalia kama ni mtu.

Sasa sikiliza. Simeon alihesabu makaburi mapya matano kutoka barabarani hadi kwako. Pia aliona jikoni kwa Sanga nyama imening'inizwa juu ya moshi, na nyumba ya pili vile vile. Bado wanaila. Afisa wa mifugo na watu wa afya watafika huko Alhamisi ijayo, tarehe 22, na chifu ataitisha baraza. Daktari anataka kabla ya siku hiyo majina ya wote waliokula na walioshika, maana mtu aliyekula na yuko mzima anaweza kupewa vidonge akabaki mzima. Ameniambia nikuombe uanze na jina lako mwenyewe. Ulikula lini, ulikula kiasi gani, tumbo likoje? Wewe ni mzee, ana wasiwasi nawe kuliko wote.

Mpe Simeon orodha, kisha panda pikipiki nyuma yake uje naye. Nakuomba. Usikae huko siku ya baraza. Orodha itazungumza badala yako, na kitanda kimetandikwa.

Mpwa wako aliye hai kwa sababu yako,
Nelly

*

Magarini,
Jumapili, 18 Agosti 2024

Nelly mwanangu,

Marahaba, na Mungu ashukuriwe kwa mkono huo. Nimemfanyia Simeon chai na amekunywa. Ni mgeni wa kwanza kunywa kitu kwangu tangu Juni.

Ngoma waliichoma Ijumaa ya tarehe 9, mchana, sivyo? Hukuniandikia siku. Ijumaa hiyo nilikuwa kitandani, ikalia mapigo mengi ya haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango, kisha ikakatika. Tangu hapo masikio yamefunga kama mwanzo. Nilikuwa nimeshaizoea. Sitaki kusema uongo, nimesikitika.

Uliandika mwishoni kwamba u hai kwa sababu yangu. Ufute mstari huo ukimaliza kusoma.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa mvua kubwa, ng'ombe wetu wanne walianguka kwa siku mbili, tumbo limejaa, damu puani, nyeusi, haigandi. Majirani walikuja na visu na vikapu. Baba yangu alisimama mbele ya mizoga na upinde wake akasema atakayekata atamlaza hapo. Hata mbwa tuliwafunga. Tulichimba shimo refu kuliko kaburi, mikono yangu ilitoka malengelenge. Mahali pale panaitwa Shimoni mpaka leo na wenyeji hawajui kwa nini. Mvua ya mwaka huu ilichimba mtaro hapo hapo. Mimi ndiye niliyempeleka Kidoti kulisha hapo, majani yalikuwa mazuri.

Kwa hiyo nilipomkuta amelala vile sikuwa na shaka. Niliutambua ugonjwa kama unavyomtambua mtu wa ukoo. Nilisimama kitambo na koleo mkononi. Kisha nikaona kwa mbali watu wanaingia hangani kwa Jefwa, wengi, na moshi wa jikoni ni mdogo.

Tangu mvi zijae, Nelly, watoto huvuka njia wakiniona. Mtu akiumwa jino wananitazama mimi. Hujui inavyokuwa mtu akikaa miaka mitano bila kuguswa. Nilifikiri, nikiwapa nyama, hata mwezi mmoja watanipenda. Nikajiambia moto utaua, wachemshe sana. Nikaweka koleo nikachukua kisu. Walinishika mkono, nilikuandikia. Mjane wa Jefwa alinishika kwa mikono yote miwili. Yeye ni wa nne kati ya wale waliozikwa.

Ngozi yako sikuitilia shaka kabisa, hilo naapa. Baba hakutuambia habari ya ngozi. Nyama niliijua.

Sitapanda pikipiki. Alhamisi nitakuwa barazani, na nitawasomea mwenyewe haya, kwa sauti, ingawa siku hizi siijui sauti yangu ilivyo. Orodha haiwezi kuzungumza badala yangu kwa sababu wataona ni karatasi ya serikali na wataificha nyama darini. Wakisikia kwa mdomo wangu wataitupa. Usimtume mtu kunizuia. Ukinipenda, mlee Pola.

Orodha ninampa Simeon, ameishika mbele yangu. Nimeandika nyumba kwa nyumba, wazima kwanza, ili vidonge vianzie kwao, na penye nyama kavu nimepiga mstari. Ni watu thelathini na wanane. Nimewakumbuka wote kwa sababu niliwapakulia mimi, sahani baada ya sahani, mpaka sufuria ikaisha. Daktari amwambie afisa asipoteze wakati kulitafuta jina langu humo. Mimi nilikula wali mtupu.

Mjomba wako,
Mangi